Raha ya bustani yangu

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mimi mzima. Juzi uliniuliza, nusu utani nusu kweli, kwa nini sikubali bustani isakafiwe nikapumzika: “Mama, mboga zinauzwa kila mahali, unapata raha gani kuinama juani?” Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ungenikatiza.

Kwanza, juani siinami. Nimetandaza majani makavu kwenye matuta yote, unene wa kiganja. Udongo haukauki upesi, na magugu yananyimwa mwanga. Namwagilia alfajiri, jua likipanda niko kivulini. Sakafu siitaki.

Na habari ya mboga iache. Hizo ni kisingizio. Kinachonitoa kitandani ni hamu ya kuona kilichobadilika tangu jana.

Chukua mipasheni iliyotambaa kwenye uzio. Hii ya matunda ya njano hufungua maua yake adhuhuri, si asubuhi, na usiku yakishafumba ndiyo basi. Kwa hiyo saa saba mchana naacha kila kitu nikasimame pale. Wanakuja wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, wanavuma utadhani pikipiki. Anapojipenyeza kunyonya, mgongo wake unasugua chavua kwa juu. Akihamia ua jingine, tayari ameibeba. Nyuki wa asali ni mdogo mno kwa kazi hiyo, mara nyingi huchota chavua tu akaenda zake. Tena chavua ya mche mmoja haiufai mche huohuo, ndiyo maana nilipanda miwili ya mbegu tofauti. Weusi wakiadimika nachukua brashi ndogo ya rangi, natoka ua hadi ua. Ndiyo, mama yako anayapaka maua poda mchana kweupe, na majirani waseme watakavyo.

Mvua za majira ya joto zina karaha zake, sikufichi: konokono, mbu, magugu yanayoota ukiyatazama. Ila ndipo lundo la mboji linapochipua nisivyovipanda. Mipapai inayojiotea naiacha mpaka itoe maua. Dume maua yake huning’inia kwenye vikonyo virefu vyenye matawi. Jike ua lake limekaa karibu kabisa na shina. Kungoja kujua nimepata yupi kunanipendeza kuliko papai lenyewe.

Kipupwe nakipenda zaidi. Nyanya nazipanda wakati huo, kwa sababu usiku wa joto kali hupukutisha maua yake. Na machungwa ndipo yanapobadilika. Watu hudhani rangi ndiyo kuiva, kumbe chungwa laweza kuwa tamu likiwa bado kijani. Ubaridi wa usiku ndio unaoondoa ukijani wa ganda. Penye joto mwaka mzima huliwa kijani vilevile. Basi usiku ukiwa wa baridi ya kutafuta blanketi la pili, asubuhi natoka na shali yangu kukagua: lile la juu limeanza doa la manjano, la chini bado linanuna.

Ukitaka kunisaidia, niletee mkasi wa kupogolea. Huu wangu umeshika kutu, badala ya kukata unatafuna vitawi, na mchungwa una matawi makavu mengi.

Nakupenda,
Mama yako