Saa uliyoiunga mwenyewe ikisimama, weka bisibisi chini kwanza

Wadogo zangu, Jumamosi iliyopita alikuja kijana kutoka Igoma na saa aliyoiunga mwenyewe, mashine ya NH35 (ya Kijapani, inajitia ufunguo) ndani ya kasha zuri kabisa, uso wa buluu, mishale imepangwa kwa mkono uliotulia. Ilikuwa imesimama. Kabla sijaitikia shikamoo vizuri akatoa mfuko mwingine wa nailoni: daraja la balansi, skrubu, na balansi yenyewe, lile gurudumu linaloyumba huku na huko na kuipa saa mwendo, springi yake imejikunja upande kama uzi uliochezewa na paka. "Fundi, nilijua balansi ndiyo mbovu."

Nikamuuliza: mara ya mwisho inatembea, ulikuwa umegusa nini? Akafikiri. Akasema alikuwa amebadilisha mshale wa sekunde.

Huyo ni wa tatu tangu mvua zianze. Nawapenda kwa moyo wenu. Wakati mimi naanza, hapa Mwanza ukitaka kuunga saa walikushangaa, na leo mnaagiza vipuri kwa simu mkiwa kwenye daladala. Lakini uvumilivu wangu umefika mahali nikaona niandike.

1. Anza na kitu cha mwisho ulichogusa.

Mashine mpya ilitoka kiwandani inatembea. Wewe ndiye uliyeweka uso, mishale, stemu (kile kijiti cha kutilia ufunguo) na kasha. Basi rudi kinyumenyume kwa njia hiyo hiyo. Itoe kwenye kasha, itazame. Bado imesimama? Toa mshale wa sekunde. Bado? Toa wa dakika, kisha wa saa. Mashine ikitembea uchi juu ya kishikizo chake siku nzima, haina ugonjwa, na hakuna sababu ya kufungua hata skrubu moja. Tatizo liko kwenye mishale inayogusana, au inayogusa kioo, au pete ya plastiki inayobana, au uso uliokaa kombo. Saa nyingi nilizoletewa zikiitwa "mbovu" ziliponea hapa.

2. Msikilize mwenye saa, hasa akikuletea maandishi.

Hili nitalieleza kwa kirefu kwa sababu bado linaniuma.

Mwalimu mmoja wa hesabu kutoka Ukerewe alikuwa anastaafu, na wanawe wakaniomba nimuungie saa. Nikatumia ST36, ile ya China iliyofuata ramani ya Unitas 6497 ya Uswisi, mashine pana inayotiwa ufunguo kwa mkono, mshale mdogo wa sekunde peke yake kwenye duara lake. Niliipima, ikawa nzuri, nikaikabidhi. Baada ya wiki mbili mzee akavuka kwa meli kutoka Nansio akanirudishia. Alisema inasimama, ukiitikisa inaendelea. Akatoa daftari la shule, lile la mistari, akanionyesha ukurasa alioandika kila mara iliposimama: saa tisa na dakika 16. Saa mbili na dakika 44. Saa kumi na mbili na dakika 33. Saa nne na dakika 55. Kwa mwandiko wa mwalimu, kila tarehe mahali pake.

Nikatazama namba nikaona hazifanani. Kichwani mwangu nikasema, ingekuwa mishale ingesimama palepale kila siku. Hii inasimama popote, basi ni magurudumu, ni uchafu kwenye vito, yale mawe madogo yanayobeba ncha za magurudumu. Nikamrudishia daftari lake. Sikumwuliza chochote. Nikamwambia aende kula sato pale Kirumba, arudi jioni.

Nikatoa mishale, nikatoa uso, nikageuza mashine, nikaanza kufungua. Springi kuu, ile inayotunza nguvu ya saa, ilikuwa imejaa, maana mzee aliitia ufunguo asubuhi kwenye meli, na mimi nilijua kwamba imejaa. Nikatoa balansi. Nikalegeza daraja la uma wa paleti, kile kipande kinachoshika na kuachia magurudumu kwa zamu, na uma ulipoachia tu, magurudumu yote yakafyatuka. Mlio wake ni wa kuchana kitambaa. Mkono wangu ukaenda wenyewe kuyazuia kwa kibano. Kibano kikagonga gurudumu la sekunde, na ile ncha yake ndefu inayobeba mshale mdogo ikakatika. Naikumbuka ilipoangukia, kwenye kitambaa cheupe, ndogo kuliko punje ya chumvi.

Nilikaa pale nimeshika kibano. Mzee akarudi jioni na samaki wa kukaanga aliyonifungia kwenye gazeti, nikamwambia kuna kipuri kinahitajika. Sikumwambia kwamba nimekivunja mimi. Akasema hakuna tabu, akavuka kurudi kwake mkono mtupu. Kipuri kilichukua wiki saba kufika.

Katika hizo wiki saba ndipo namba za daftari zilinijia usiku nikiwa kitandani. Tisa na 16. Mbili na 44. Nikaamka, nikachukua saa ya ukutani, nikazungusha mishale kwa kidole. Kwa kila saa 12 mshale wa dakika unaupita wa saa mara 11, kila baada ya dakika 65 na sekunde kama 27. Kwenye uso ni 1:05, 2:11, 3:16, 4:22, 5:27, 6:33, na kuendelea. Namba zote nne za mzee zilikuwa humo. Mishale ilikuwa inagusana inapopitana. Springi ikiwa na nguvu ilipenya, ikilegea kidogo ilinasa. Mwalimu alikuwa ameniletea jibu lililofanyiwa hesabu, mimi nikamrudishia daftari.

Kazi yenyewe ilikuwa kuuinua mshale wa dakika unene wa karatasi. Kipuri kilipofika niliitengeneza saa, nikapanda meli mwenyewe kwenda Nansio, nikamweleza mzee yote, ncha, kibano na samaki. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza kama bado ninazo zile namba, ili aone zinavyopangika.

Kwa hiyo ukiletewa saa, uliza inasimama saa ngapi, na uandike. Mteja akitaja saa tisa, hakikisha mshale mfupi ulikuwa juu ya 3, kwa sababu wengine wanasoma namba ya kwenye uso kama ilivyo.

3. Toa nguvu ya springi kuu kabla ya kugusa paleti.

Shika kichwa cha ufunguo kwa vidole, sukuma pembeni kliki, ile ndoana inayozuia springi isirudi nyuma, uache kichwa kizunguke kinyume taratibu chini ya vidole vyako hadi kiishe. Kisha sogeza paleti kwa ncha ya kijiti: ikiruka yenyewe upande wa pili, nguvu bado ipo. Fanya hivyo kila mara, hata kama unaamini springi imeisha.

4. Namba za taimagrafa ni za kweli ukiiambia ukweli.

Taimagrafa ni kifaa au programu inayosikiliza mlio wa saa na kupima mwendo wake, na lazima uiambie pembe ya kuinua, yaani nyuzi ambazo balansi huzunguka ikiwa imeshikana na paleti. Programu nyingi za simu huanza na nyuzi 52. NH35 ni 53, haidhuru sana. Lakini 6497 na ndugu zake ni 44, na ukiacha 52 utasoma ampilitudo (balansi inavyozunguka mbali kila upande) ya 260 ufurahi, kumbe ni 220, saa imechoka. Pima uso ukiwa juu, kisha ukiwa chini, kisha ikiwa imesimama kwa ubavu. Ikishuka sana upande mmoja tu wa kulala, tazama ncha ya balansi upande huo na kito chake. Na upime mahali penye utulivu. Kuna aliyenitumia mistari iliyotawanyika kama mchele uliomwagika, nikamwuliza yuko wapi, kumbe jirani alikuwa anasaga mahindi.

5. Saa iliyoanza ghafla kukimbia dakika nyingi kwa siku, shuku sumaku kwanza.

Springi ya balansi inashika sumaku, mizunguko yake inanatana, inakuwa kama fupi. Iweke kwenye kifaa cha kuondoa sumaku, bonyeza, ivute polepole hadi urefu wa mkono, ndipo uachie kitufe. Na spika ya redio isikae kwenye meza ya saa.

6. Skrubu ya stemu kwenye 6497 legeza mzunguko mmoja, uvute. Ukiendelea kuizungusha, kishikio cha ndani kinaanguka upande wa uso, na utatoa mishale na uso kwa kitu ambacho hakikuwa kibovu.

7. Tarehe ya NH35 usiibadilishe kwa haraka kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri. Meno ya tarehe yameshashikana.

8. Wale wadudu wa ziwa.

Mnajua wanavyopanda juu ya maji kama moshi, na jioni wanafuata taa. Ukifanyia kazi dirishani Capri Point au Kirumba ukiwa umewasha balbu, bawa moja litatua kwenye mafuta ya kito na hutaliona bila lenzi. Funga dirisha. Funika mashine kwa bilauri kila unapoinuka, hata kama ni kumlipa muuza maji.

Kijana wa Igoma tulimwagizia balansi nyingine. Ule mshale wake wa sekunde tuliupima: tundu lake lilikuwa limesukumwa hadi chini kabisa, linasugua mshale wa dakika. Ukinijia pale Makoroboi, njoo na saa ambayo hujaifungua, na karatasi yenye nyakati ilizosimama.