Naja Bangkok kikazi siku tano, nijiandae vipi?

Ndugu wa Dar anauliza: ofisi imemkatia tiketi, ana siku tano Bangkok, na amesikia Wathai wanasumbua uwanjani. Jiji lenyewe halisumbui. Wanaosumbuka ni wanaofika na karatasi nusu nusu.

Viza siku hizi inaombwa mtandaoni, na ombi la Mtanzania linashughulikiwa na ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi. Kama safari ni ya kikazi, omba viza ya kikazi, na barua ya mwaliko iseme wazi unakuja kufanya nini na nani anakulipia. Usiombe ya utalii eti kwa sababu masharti yake ni mepesi. Zaidi ya viza kuna fomu ya kuwasili, TDAC, iliyoanza Mei 2025. Inajazwa ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na ni bure. Tovuti ikikudai dola, ujue umeingia kwa matapeli. Ya serikali inaishia na go.th.

Sasa kadi ya njano, ambayo ndiyo inawaumbua wengi. Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda na Burundi zote zimo kwenye orodha yao ya nchi za homa ya manjano, na chanjo inatakiwa iwe imefikisha siku 10. Ukichanjwa Jumatatu ukapanda ndege Ijumaa, kadi unayo lakini haijaiva. Halafu ukishuka Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, usiufuate msururu wa abiria kwenda uhamiaji. Tafuta kwanza dawati lenye kibao cha Health Control, jaza fomu yao, onesha kadi, wagonge muhuri. Ukipitiliza utapanga foleni ndefu ya uhamiaji, ufike dirishani uulizwe huo muhuri, urudishwe ulikotoka, kisha uanze foleni upya. Kuunganisha ndege Addis au Doha hakukusaidii. Wanaangalia ulikoanzia safari. Na kama unavuta sigara za umeme, ziache nyumbani. Huku ni marufuku.

Hela: beba dola za noti ya 100, safi, zisizochanika wala kuandikwa kalamu. Noti ndogo wanazibadilisha kwa bei ya chini. Shilingi yetu usiitegemee kabisa. Maduka yenye bei nzuri ya kubadilisha yako ghorofa ya chini kabisa ya uwanja, kwenye mlango wa treni, kwa hiyo yapite yale ya karibu na mikanda ya mizigo. ATM nazo zinakata zaidi ya baht 200 kila unapotoa kwa kadi ya nje, hivyo toa mara moja, siyo kidogo kidogo.

Treni ya uwanjani inafika Phaya Thai kwa muda wa nusu saa hivi, nauli haizidi baht 45, na inatembea toka alfajiri hadi saa sita usiku. Hapo Phaya Thai unadaka BTS, treni ya juu ya jiji. Kama hoteli iko upande wa MRT, treni ya chini ya ardhi, shukia Makkasan utembee mpaka kituo cha Phetchaburi. Ukiwa na masanduku mawili, chukua teksi tu. Shuka ghorofa ya kwanza, bonyeza mashine, itatoa karatasi yenye namba ya maegesho. Hiyo karatasi usimpe dereva abaki nayo. Ndiyo ushahidi wako akileta ubishi. Mita inaanzia baht 35, unaongeza baht 50 za uwanja, na ushuru wa barabara ya juu unalipa wewe pale pale getini, kwa hiyo uwe na noti za 20 na 100. Dereva akikutajia bei ya mkupuo, mwambie "meter". Akikataa, rudi mashineni.

Sasa masurufu. Dereva wa teksi risiti hana. Ukiita gari kwa Grab, programu ya simu ya kuita gari, risiti inakuja kwenye barua pepe, na mhasibu hana la kusema. Risiti nyingine zitasomeka mwaka 2569. Hawajakosea, wanahesabu kwa kalenda ya Kibudha. Toa 543 unapata 2026. Mwandikie mhasibu pembeni kabla hajaandika hoja.

Plagi yetu ya miguu mitatu minene haiingii kwenye soketi za huku. Ya miguu miwili ya duara inaingia. Beba na koti, maana vyumba vya mikutano ni friji.

Saa ziko nne mbele ya Dar. Ila hapa Mswahili ana bahati: Kithai cha mtaani kinahesabu saa za mwanzo wa usiku kama sisi. Saa moja usiku ni nueng thum, yaani moja. Saa mbili ni song thum, mbili. Hivyo hivyo hadi tano. Baada ya saa sita usiku wanaanza tena na moja pale ambapo sisi tunasema saa saba, kwa hiyo gari la kukuwahisha ndege ya alfajiri liagize kwa kuandika 03:00.