Nyota tatu kwenye traceroute

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatumia kompyuta yenye Linux. Nikiandika amri ya traceroute, ile inayoonyesha njia ambayo data hupitia, pamoja na jina la tovuti ya chuo chetu, mistari sita ya kwanza hutoka vizuri, lakini kuanzia wa saba hadi wa 30 naona nyota tatu tatu tu, ingawa tovuti yenyewe hufunguka kwenye kivinjari. Mtoa huduma wangu wa intaneti anadai kwake hakuna hitilafu. Je, ananificha jambo?
Msomaji, Tanga

JIBU: Kwa ushahidi huu, mtoa huduma wako hana kesi ya kujibu. Nyota haimaanishi kwamba njia imekatika, bali kwamba programu ilituma pakiti (kipande kidogo cha data), ikasubiri jibu, isilipate.

Kila pakiti ya traceroute hubeba namba ya uhai, yaani TTL, ambayo kila ruta (kifaa kinachoelekeza data njiani) huipunguza kwa moja. Pakiti za kwanza hupewa 1, hivyo huishia kwenye ruta ya kwanza, nayo hurudisha taarifa ya ICMP (utaratibu wa vifaa vya mtandao kupashana habari za hitilafu) kwamba uhai umekwisha. Zinazofuata hupewa 2, kisha 3, hadi 30, ambacho ndicho kikomo cha kawaida. Kila ngazi hutumiwa pakiti tatu, ndiyo maana nyota nazo ni tatu. Ruta nyingi zimewekewa kiasi cha taarifa za namna hiyo zinachoruhusiwa kutoa, na nyingine zimeamriwa zinyamaze kabisa, huku zikiendelea kupitisha data za wateja kama kawaida.

Kwako naishuku zaidi ngome ya usalama (firewall, kichujio cha data inayoingia na kutoka) iliyo upande wa chuo. Traceroute ya Linux, usipoielekeza vingine, hutumia UDP (utaratibu wa kutuma data bila kusubiri uthibitisho) kwa milango (namba zinazotenganisha huduma za kompyuta) inayoanzia 33434, na ngome nyingi huzitupa pakiti hizo bila kujibu. Tovuti hupokea wageni kwa TCP (utaratibu unaothibitisha kwanza muunganisho) kwenye mlango wa 443, basi pitia huko huko:

sudo traceroute -n -T -p 443 jina-la-tovuti

Alama ya -n huizuia programu kutafuta majina ya ruta, kazi inayochelewesha bure. Mstari wa mwisho ukionyesha anwani ya seva, njia ni nzima, hata kama katikati zimebaki nyota. Ukiweka -I badala ya -T na -p 443, utatumia ICMP kama ifanyavyo tracert ya Windows. Kwa hiyo usishangae mwenzako mwenye Windows akipata matokeo tofauti na yako.

Uchelewaji nao husomwa vibaya. Mstari mmoja ukionyesha milisekunde 200 na unaofuata 40, ruta hiyo imechelewa kukujibu wewe tu. Lalamika pale ucheleweshaji unapoanza kwenye mstari fulani ukaendelea hadi wa mwisho. Na kwa kuwa majibu yanaweza kurudi kwa njia nyingine, waombe mafundi wa chuo waendeshe amri hiyo kuelekea kwako, kisha uambatishe matokeo ya pande zote mbili pamoja na saa yalipochukuliwa.