Kabla hujasaini mkataba wa postidoki ya elimu ya mazingira kwa vijana

"Shikamoo dada. Nimeona tangazo hili, naweza kuomba?" Ujumbe huo ulinifikia usiku kutoka kwa binti ninayemfahamu tangu akiwa mwaka wa kwanza chuoni. Tangazo lenyewe lilikuwa la chuo kikuu kimoja cha Ulaya: nafasi ya utafiti wa baada ya uzamivu, miaka miwili, elimu ya mazingira kwa vijana, kazi ya uwandani Afrika Mashariki. Nilimwambia anaweza, na anipigie kesho yake. Tuliongea kwa muda wa karibu saa mbili. Mengi ya niliyomwambia nayaweka hapa, maana najua wapo wengine wenye tangazo kama hilo kwenye simu zao.

Kazi ya namna hiyo nimeifanya. Ofisi yangu ilikuwa Ulaya, shule zangu zilikuwa mwambao wa Tanga, kati ya Pangani na Mkinga.

Kwanza tuelewane: postidoki si masomo. Nyumbani watakuuliza unasomea nini tena, na itabidi uwaeleze kwamba ni ajira ya muda. Unalipwa mshahara ufanye utafiti, na mwisho wake hakuna shahada. Utapimwa kwa makala ulizochapisha. Hapo ndipo ugumu unapoanzia kwa mtu wa fani yetu, kwa sababu makala huandikwa mezani, na vijana unaotaka kuwajua wako darasani, shambani na kwenye matope ya mikoko.

Nafasi zenyewe ni za aina mbili. Ipo ya mradi uliokwisha kupata fedha: andiko ameandika profesa, wewe unaajiriwa kulitekeleza. Na ipo ile unayokwenda na wazo lako mwenyewe, kama ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya. Huo uko wazi kwa mtu wa taifa lolote mwenye uzamivu, ila uzoefu wako wa utafiti tangu uupate usizidi miaka 8, na usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi unayotaka kwenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya siku ya mwisho ya maombi. Msimamizi unamtafuta mwenyewe. Dirisha huwa linafungwa Septemba, kwa hiyo anayeanza kuwaandikia maprofesa Agosti amechelewa, anza Machi. Na usiangalie Ulaya peke yake. Chuo Kikuu cha Rhodes, kule Makhanda, Afrika Kusini, kina kituo cha utafiti wa elimu ya mazingira kilichojengewa jina na Profesa Heila Lotz-Sisitka na wenzake, na watu wake wamezoea kufanya kazi na walimu na wanavijiji wa bara hili.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote. Katika nafasi kama hii, kitu ulichonacho wewe na ambacho mwenzako wa kule hana ni kujua mtoto anamaanisha nini anapojibu. Wiki yangu ya kwanza shuleni niliwauliza wanafunzi wa kidato cha kwanza, "Mnapenda mazingira?" Darasa likanyamaza, wengine wakaangaliana. Nikakumbuka ghafla kwamba na mimi nilisoma shule hizi hizi. Kwa mwanafunzi wa Tanzania, "mazingira" ni fagio la chelewa saa moja asubuhi, ni kufyeka majani nyuma ya madarasa, na mwalimu wa mazingira ni yule anayekagua kama eneo lako limefagiliwa. Aliyechelewa kengele hupelekwa kumwagilia miti kama adhabu. Nilikuwa nimewauliza kama wanapenda adhabu. Mwenzangu aliyetunga swali lile kwa Kiingereza hakuwa na njia ya kulijua hilo, na mimi niliyelijua nilikuwa nimelitafsiri bila kulifikiria.

Yapo makubwa zaidi ya hilo. Kipimo kinachotumika sana kupima mtazamo wa mtu juu ya mazingira kilitungwa na Riley Dunlap na Kent Van Liere mwaka 1978. Mwaka 2000 kilirekebishwa kikawa na kauli 15, na baadaye likatoka toleo la watoto lenye kauli 10. Mojawapo inasema kwamba binadamu amekusudiwa kuvitawala vitu vingine vyote vya asili. Anayekubali anahesabiwa kuwa yuko mbali na mazingira. Kwenye shule zangu karibu wote walikubali, na alama zao zikashuka. Nilimfuata kijana mmoja baada ya vipindi, nikamwomba anieleze. Akasema, kwa upole kabisa, kama anayemweleza mgeni: "Mwenyezi Mungu amemfanya binadamu khalifa wake duniani. Sasa khalifa akiharibu, si ataulizwa?" Kwake yeye kutawala ni kukabidhiwa amana. Karatasi ilikuwa imemhesabu kama adui wa kitu ambacho anaamini ataulizwa juu yake siku ya hukumu.

Kwa hiyo ukienda kwenye usaili, uliza: nina ruhusa ya kubadilisha dodoso? Nimetengewa miezi mingapi ya kukaa na vijana kabla ya kuanza kuwapima? Kama jibu ni kwamba vifaa vya utafiti vimekwisha kupitishwa na wewe ni wa kukusanya takwimu tu, fikiri mara mbili. Mimi sikuuliza. Nilitumia karibu mwaka mzima kubishana, kwa heshima lakini kubishana, hadi nikaruhusiwa kuongeza mahojiano na matembezi ya pamoja na wanafunzi.

Matembezi hayo ndiyo yaliyonifundisha. Siku moja ya bamvu, maji yamekupwa mbali, tulitoka na klabu ya mazingira kwenda kupanda mikoko. Mahali palikuwa pamechaguliwa tayari: uwanda mpana wa matope unaoikabili bahari, pazuri kwa picha. Watoto wakajipanga mstari, kila mmoja na miche yake, ile mirefu ya kijani inayochipua ikiwa bado inaning'inia mtini. Binti mmoja wa kidato cha pili alisimama na yake mkononi, hapandi. Nikamsogelea.

"Hapa mkoko haukai, madamu," akasema. "Hapa ni pa mlilana." Mlilana ni mti mwingine wa jamii hiyohiyo ya mikoko.

Akanionyesha kwa kidole cha mguu: vijiti vyeusi vimechomoza matopeni, vimekauka, vimegandwa na vigamba vyeupe. Ni miche iliyopandwa mwaka uliotangulia. Mkoko uliozoea kukaa nyuma, kwenye maji yaliyotulia, ulikuwa umepelekwa mbele ya mawimbi, mahali ambapo mlilana ndio wenye kustahimili. Babu yake alikuwa amemwambia. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote pale shuleni, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Jioni nilipotafuta dodoso lake, kwenye sehemu ya maarifa alikuwa amepata alama za katikati: swali lilitaka faida tatu za mikoko, yeye alitaja mbili.

Anja Kollmuss na Julian Agyeman waliandika mwaka 2002 juu ya pengo lililopo kati ya kujua na kutenda, kwamba mtu hatunzi mazingira kwa sababu tu ameongezewa habari. Nakubaliana nao. Ila mwambao wa Tanga umenionyesha pengo jingine, la kati ya anachokijua kijana na kile ambacho shule inamruhusu akiseme. Ukipata nafasi, lichimbe hilo. Nchi yetu inalihitaji.

Tuje kwenye vibali, maana hapa ndipo muda unapopotelea. Tanzania Bara utaanza na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, na cha maadili ya utafiti kutoka taasisi husika. Ukishavipata, barua inashuka ngazi kwa ngazi: Katibu Tawala wa mkoa, Katibu Tawala wa wilaya, Mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, ndipo ufike kwa mkuu wa shule. Zanzibar ina utaratibu wake na kibali chake. Kenya ni NACOSTI, tume yao ya sayansi na teknolojia. Beba nakala nyingi za kila barua, na usipite ofisi yoyote bila kusaini kitabu cha wageni. Mimi ngazi zote zilinichukua miezi mitano kati ya 24 ya mkataba. Muombe msimamizi mchakato uanze kabla hata hujaripoti kazini.

Kisha angalia kalenda ya shule. Oktoba na Novemba ni mitihani ya taifa, kidato cha pili na cha nne. Hakuna mkuu wa shule atakayekupa darasa. Desemba wamefunga. Ratiba iliyopangwa kwa mwaka wa masomo wa Ulaya itakutuma uwandani wakati huohuo. Na kama kazi yako ni ya pwani, weka pembeni kalenda ya mwandamo wa mwezi: siku za maji mafu, bahari isipokupwa mbali, huwezi kupeleka klabu mikokoni ukaona kitu cha maana.

Fedha. Kwenye bajeti niliyoikuta kulikuwa na tiketi za ndege, kompyuta, na ada za kuchapisha makala. Hapakuwa na hata shilingi ya mwalimu mlezi wa klabu, yule anayebaki na watoto baada ya vipindi, anayepiga simu kwa wazazi, anayekufuatilia fomu za ridhaa. Nilipouliza niliambiwa muda wake ni mchango wa shule. Niliumia sana, kwa sababu mwalimu yule alikuwa anatembea kilomita kadhaa kurudi kwake gizani baada ya kazi yetu. Ukiwa bado unajadiliana, omba nauli na posho yake iandikwe, pamoja na maji na chakula cha wanafunzi siku za kutoka. Ni kiasi kidogo mbele ya tiketi moja ya ndege.

Na barua ya maombi. Wengi huanza na mkutano wa kimataifa wa elimu ya mazingira wa Tbilisi wa 1977, na si vibaya. Lakini onyesha pia kwamba unaijua historia ya kwenu: klabu za wanyamapori za Kenya zilianza mwaka 1968, na Roots & Shoots, mpango wa vijana wa kutunza mazingira, ilianzia Dar es Salaam mwaka 1991, wanafunzi 12 wakiwa barazani kwa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe. Kiswahili chako usikiweke mwishoni mwa wasifu karibu na leseni ya udereva. Kiandike ndani ya andiko, kama sehemu ya mbinu zako, na ueleze kitaokoa nini.

Halafu dai safari moja ya mwisho, ya kurudisha matokeo, na idaiwe mapema kwa maandishi. Yangu niliipata mwezi wa 23. Tulikaa chini ya mwembe wa shule, wazazi, walimu na klabu, nikasoma matokeo kwa Kiswahili. Nilipofika mahali nilipoandika kwamba kina mama wanakata mikoko kwa ajili ya kuni, mama mmoja akanyoosha mkono. "Tunaokota mikavu, mwanangu. Wanaokata wanakuja usiku na majahazi." Wenzake wakaitikia. Nikatoa kalamu, nikaifuta sentensi ile mbele yao, na makala ilipotoka haikuwamo.