Maji yamepungua lakini mtoto bado anaogopa

SWALI: Assalam aleikum bi mhariri. Niko Malindi, nyumba yangu ni vyumba viwili, na tangu mto Sabaki ufurike nakaa na wifi yangu na watoto wake wawili, shamba lao lote limekwenda na maji, mahindi, ndizi, mbuzi, hata sufuria hawakuokoa. Mkubwa ana miaka 4, alikuwa ashaacha kukojoa kitandani zamani, sasa kila usiku mkeka umerowa, mchana hamwachi mamake hata akienda chooni, na mchezo wake ni mmoja tu, anapanga vifuu vya nazi mchangani anavimwagia maji huku apiga kelele "kimbieni!" Mdogo ana miezi 4, mamake asema maziwa yamekauka kwa mshtuko na majirani washaleta mikebe ya maziwa ya unga. Mama mkwe naye ataka mkubwa apelekwe kwa ami yake Mombasa akasahau. Chama chetu cha akina mama kimechanga nguo lakini naona hazisaidii kitu. Tufanyeje?
Mama Mwenyeji, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam dadangu, pole sana, na pole zaidi kwa wifi yako. Nianze na hili la Mombasa maana ndilo linaloniuma: mtoto asipelekwe kokote. Najua mama mkwe ana nia njema, na kwetu pwani mtoto kulelewa kwa ami au kwa nyanya si jambo geni, lakini huyu kaona nyumba inaondoka, mbuzi wanaondoka, ukimuondolea na mamake atajua kila kitu huondoka. Kung'ang'ania, kukojoa, kushtuka usiku, ndivyo mtoto mdogo anavyoonyesha hofu, na wengi hutulia baada ya wiki kadhaa wakiwa na mtu wao karibu. Asipigwe, asiitwe kikojozi. Tandika nailoni chini ya mkeka, muamshe mara moja usiku, basi.

Na ule mchezo wa vifuu muacheni acheze, hana maneno ya kueleza kwa hivyo anaeleza kwa mikono. Kaa naye chini umuulize, sasa hawa watu wamekimbilia wapi, nani kawapa uji? Halafu mwambieni ukweli. Mimi nadhani kinachotisha zaidi na mto wetu ni kwamba maji yaweza kuja huku jua linawaka, kwa hivyo hata siku ya jua kwake ni siku ya hatari. Mueleze mto huu watoka mbali huko bara, upande wa Nairobi wauita Athi, ukipita Tsavo ni Galana, ukifika kwetu ndio Sabaki, mvua ikinyesha kule sisi maji hutufikia baadaye. Usimuahidi kwamba hayatarudi. Muahidi kuwa yakija atabebwa.

Wifi yako maziwa hayajakauka. Mshtuko na uchovu huyazuia kushuka kwa muda, lakini anayeyaleta ni mtoto mwenyewe kwa kunyonya, kwa hivyo amnyonyeshe mara nyingi, mchana na usiku, ale, anywe uji, akae pahali pa faragha atulie, wewe umshikie mkubwa. Ile mikebe rudisheni kwa shukrani. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanaonya maziwa ya kopo yasigaiwe ovyo wakati wa maafa, kwani visima vikishaingiliwa na maji ya vyoo, chupa ndiyo huleta kuhara, na kuhara kwa mtoto wa miezi 4 ni hatari sana. Chini ya miezi 6 ziwa la mama lamtosha, hata maji hahitaji. Mkiona haongezi uzito, kliniki. Nyinyi wengine chemsheni maji, na mtoto akihara apelekwe mapema apewe ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, na zinki, na zinki aimalize siku 10 mpaka 14 walizopanga hata kama kuhara kumekoma.

Sasa nyinyi akina mama wa chama. Nguo zimetosha wallahi, anachokosa wifi yako ni mikono na saa mbili za kulala. Gawaneni siku, huyu ateke maji na kufua, yule apike, mwengine kila alasiri akusanye watoto wa mtaa, wenyeji na waliohamishwa na maji, chini ya mwembe wacheze kibe, waimbe, wapigiwe hadithi za paukwa pakawa, saa ile ile na pahali pale pale, na walezi wawe wawili wanaojulikana, asitokee mtu tu akachukua mtoto ati anamsaidia. Picha za watoto wakipokea misaada naomba msipige, hata za grupu la WhatsApp. Mkubwa arudi chekechea na chuoni, yaani madrasa, hata kabla hajapata yunifomu, mwalimu aelezwe.

Ikipita kama mwezi na mtoto hali chakula vizuri, hasemi, au mamake kila kitu chamshinda, nendeni hospitali, au pigeni 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure, na kwa mambo ya watoto ni 116. Mamake akisema bora maji yangemchukua, hapo musingoje mwezi, ni siku hiyo hiyo.

Na kitabu cha kliniki cha mdogo nahisi kimekwenda na maji pia. Kwa miezi 4 alitakiwa awe ashapata chanjo ya wiki 14. Mpelekeni wiki hii bila kitabu, waambieni waangalie rejista ya kituo alichoanzia, na wewe umsindikize wifi yako, asikae foleni peke yake.