Farasi mwenye mdomo wa kasuku: kagua magego kabla ya meno ya mbele

Ndugu, umeuliza kama umchukue farasi jike wa miaka minne ambaye meno yake ya juu yamepita ya chini, muuzaji amekupunguzia bei kwa sababu hiyo, na baadaye ungependa akuzalie. Nina farasi wa namna hiyo kwa miaka 11 sasa, kwa hiyo niwie radhi nikiandika kwa kirefu. Mchukue ikiwa daktari wa mifugo ameingiza mkono mdomoni mwake hadi nyuma kabisa na kukueleza magego yalivyo. Kumzalisha, hapana.

Nilikuwa saisi, yaani mtunza farasi, mtaa wa Karen jijini Nairobi kabla sijahamia Naivasha, na huyo farasi wangu, Tunu, nilimpata huko Karen. Alikuwa amekonda, mbavu zinahesabika, tena ana sifa ya ukaidi. Ukimfunua midomo, meno ya juu yalikuwa yametangulia ya chini kwa upana wa kidole na kushuka kama mdomo wa kasuku. Kila aliyekuja kumwona alitazama hapo, akasikitika, akaenda zake. Nami nilitazama hapo hapo, na hilo ndilo lililonichelewesha. Meno ya mbele kazi yake ni kukata nyasi. Kusaga ni kazi ya magego, 12 juu na 12 chini, na hayo huyaoni ukisimama mbele ya farasi.

Jino la farasi si kama letu. Huendelea kuchomoza kutoka kwenye ufizi kama milimita 2 hadi 3 kwa mwaka, na hulika kwa kiasi hicho hicho kwa kusagana na mwenzake. Taya la chini likiwa fupi, safu hazikutani sawasawa. Gego la kwanza la juu hubaki na ukingo wa mbele usiogusa kitu, na gego la mwisho la chini hubaki na ukingo wa nyuma usiogusa kitu. Ukingo usiosagwa hurefuka ukawa ndoano. Ile ya chini ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu iko ndani kabisa na huchoma ufizi wa juu mnyama anapotafuna.

Miezi ya kwanza nilikuwa nikiokota chini ya hori vifundo vya nyasi vilivyosokotwa, vimelowa mate, vinene kama kidole gumba. Nilidhani anachagua chakula. Ukipasua mavi yake ulikuta nyuzi ndefu za nyasi ambazo hazikusagwa. Na alipotiwa lijamu, mpandaji akavuta kigwe ili ainamishe kidevu, alirusha kichwa juu. Farasi akiinamisha kichwa, taya la chini huteleza mbele kidogo. La Tunu halikuweza kuteleza, ndoano zililifunga kama komeo. Sisi tukamwita mkaidi. Nilimchapa kwa ajili hiyo, na mpaka leo nikikumbuka naumia.

Kilichonizindua ni usiku aliposakamwa. Nilimkuta amenyoosha shingo, anakohoa, povu la kijani linamtoka puani. Chakula kilikuwa kimekwama kwenye umio kwa sababu alikimeza bila kukitafuna. Likikupata hilo, ondoa chakula chote na maji, mwache ashushe kichwa, na mpigie daktari saa hiyo hiyo. Usimmiminie maji wala mafuta mdomoni, yataingia mapafuni. Nimeona mtu akileta mpira wa bustani, nikamzuia kwa nguvu.

Siku mbili baadaye daktari alirudi kwa ajili ya meno. Akampiga sindano ya kumtuliza, akampanua kinywa kwa chuma maalumu, akavaa taa kichwani. Kisha akaniita: ingiza mkono, gusa hapa nyuma. Nikagusa ncha kali kama ukingo wa kopo lililofunguliwa vibaya, na juu yake, kwenye ufizi, shimo linaloingia ncha ya kidole changu cha mwisho. Pale ndipo alipokuwa akiumia kila siku huku sisi tukijadili meno ya mbele. Tupa ilipoanza kazi, unga mweupe ulimwagika wenye harufu ya pembe iliyoungua. Hakuzimaliza ndoano siku hiyo. Alipunguza kidogo, akarudi baada ya miezi mitatu akapunguza tena, kwa kuwa ukikata jino sana kwa mara moja unaweza kufikia sehemu yake iliyo hai. Kwa hiyo akija mtu na koleo anataka kuyakata meno ya mbele mara moja yawe mafupi, mfukuze. Koleo hupasua jino.

Tangu hapo ni tupa kila baada ya miezi sita, bila kuruka. Farasi wa kawaida mara nyingi hutosheka na mara moja kwa mwaka; huyu hawezi. Hilo liingize kwenye hesabu kabla hujafurahia punguzo la bei.

Kuhusu malisho. Kwenye nyasi zenye urefu wa shubiri Tunu hula bila shida, huzikusanya kwa midomo na kuzing'oa. Januari na Februari, nyasi zikishaliwa na kondoo zikabaki fupi, hashiki kitu, anazunguka tu shambani akionekana kama anakula. Usidanganyike. Msimu huo namwekea nyasi ya boma rhodes laini iliyovunwa kabla ya kukomaa, kama kilo 8 kwa siku, nayo naiweka chini, si kwenye hori la juu, ili taya liteleze mbele anapotafuna. Jioni hupata lusini (alfalfa) iliyokatwakatwa na kulowekwa, pamoja na pumba kidogo ya ngano. Pumba peke yake usimpe kila siku, ina fosforasi nyingi na kalisi kidogo. Lusini ndiyo inayosawazisha. Chakula cha tembe nakiloweka mpaka kiwe uji kabisa.

Mpime kwa futi ya fundi cherehani, macho hudanganya. Mzunguko wa kifua zidisha kwa wenyewe, zidisha kwa urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita, gawanya kwa 11,877, utapata kilo kwa makadirio. Tunu alianza na kifua cha sentimita 162 na urefu wa 160, yaani kama kilo 353. Mwaka mmoja baadaye kifua kilikuwa 170, kama kilo 389.

Jambo jingine: umri. Farasi wa miaka minne awe na jozi mbili za katikati za meno ya mbele zilizokwisha kubadilika, juu na chini, na jozi ya pembeni bado ya utoto. Hiyo hubadilika karibu na miaka minne na nusu. Akivuka mitano, watu hukisia umri kwa vishimo vya juu ya meno ya mbele vinavyofutika kwa kusagana. Kwa farasi huyu havisagani, basi havifutiki. Mimi niliambiwa Tunu ana miaka 7, cheti chake kilipopatikana kikasema 12.

Waya wa kurekebisha taya uliousikia ni wa mtoto wa farasi, hasa kabla hajafika miezi sita, wakati taya linakua kwa kasi. Kwa huyo wako muda umepita.

Na kuhusu uzazi, najua inauma kwa sababu ni jike mzuri. Lakini kasoro hii huweza kurithiwa, na mtoto akizaliwa nayo atahitaji mtu wa kumfuatilia maisha yake yote, na huwezi kujua ataishia kwa nani. Tunu ni mzima, amebeba watoto wengi wa likizo mgongoni, na sijamzalisha.

Mwambie daktari akague gego la kwanza la juu na la mwisho la chini, pande zote mbili, farasi akiwa ametulizwa. Akishakujibu, andika hapa alichokiona tusaidiane.