Korongo mwenye pete juu ya goti

SWALI: Mimi ni mfugaji, Kahama. Mwezi Januari wanangu walimkuta korongo mweupe amekufa kando ya lambo. Mguuni, juu ya goti, ana pete nyeusi ya plastiki yenye herufi DEH na namba. Je, pete ndiyo iliyomuua? Na kwa nini imewekwa juu hivyo?

JIBU: Pete haikumuua, ndugu yangu. Ina gramu chache tu, na korongo mzima ana kilo tatu hivi.

Hilo unaloliita goti ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limefichwa na manyoya. Zamani korongo walivishwa pete za chuma chini ya kifundo. Lakini korongo akizidiwa na joto hujinyea miguuni makusudi, na majimaji hayo yakikauka humpoza. Mtazame mchana wa jua kali: miguu yake myekundu utaiona kama imepakwa chokaa. Kinyesi kiliganda kati ya pete na ngozi, kikawa kigumu, mguu ukachubuka na kuvimba. Ndiyo maana pete zikahamishiwa juu, na huko hata mtu aliye mbali huisoma kwa darubini bila kumshika ndege.

DEH ni alama ya kituo cha Hiddensee, Ujerumani, kinachovisha ndege pete ili kufuatilia safari zao. Yaelekea alivishwa akiwa kinda kiotani. Kuja kwenu hakukatiza bahari ya Mediterania, kwani hupaa kwa kubebwa na hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, na juu ya maji hewa hiyo ni haba. Huzungukia Bosporus kule Uturuki na Sinai kule Misri, kisha hufuata bonde la Nile. Wenzake wa magharibi mwa Ulaya huvukia Gibraltar, bahari nyembamba kati ya Hispania na Moroko, wakaishia Afrika Magharibi.

Tafadhali, pete hiyo isipotee. Ipige picha herufi zote zisomeke, andika tarehe, kijiji, na hali ya mzoga: ulikuwa mbichi au mifupa mitupu? Hilo ni muhimu sana, maana mifupa haituambii alikufa lini. Tuma kupitia tovuti ya euring.org, ya umoja wa vituo vya Ulaya vinavyovisha ndege pete, nao watakujibu alivishwa wapi na mwaka gani. Ukikuta aliye hai, soma namba tu, pete usiivue.

Mzoga msiule wala msiwape mbwa, huenda alikula sumu. Tena waulize wanao kama pale lamboni pamepita nyaya za umeme, kwa sababu huua korongo wengi. Kama zipo, liandike hilo pia.